Vipimo vya haiba kwenye udahili wa saikolojia tiba: vinatabiri nini hasa?

Mzani ameanzisha uzi:

Wakuu, habari za muda. Mada hii nawaletea watu wa saikometria (taaluma ya kupima akili na haiba) na wanaofanya kazi ya kuchuja waombaji.

Tuseme programu ya saikolojia tiba ya miaka 3 ina nafasi 12 na waombaji 150. Pendekezo lililo mezani ni hili: kila mwombaji ajaze dodoso la haiba la maswali 240 lenye zile sifa kuu tano (uwajibikaji, uchangamfu, uwazi wa fikra, utulivu wa hisia na upole), kisha ajaze MMPI-2, dodoso la dalili za matatizo ya akili lenye maswali 567. Atakayefikisha T 65 (T ni alama iliyosanifiwa, wastani wake ni 50) kwenye skeli yoyote ya kitabibu anakatwa hapo hapo. Waliobaki wanapangwa kwa alama ya uwajibikaji, na 12 wa juu wanachukuliwa. Wanaolitetea wanasema usaili umejaa upendeleo, ilhali namba hazina shemeji.

Je, vipimo hivi vinatabiri kweli? Kwa kiasi gani? Na kama vina nafasi, ni ipi?

---

Kigezo:

Mkuu, kabla hatujafika kwenye kipimo, niambie kwanza mafanikio ya nini. Hapo ndipo mijadala mingi ya aina hii inapopotelea. Kwenye mafunzo ya saikolojia tiba kuna angalau vigezo vinne ambavyo watu huvichanganya kwenye kapu moja: alama za darasani, kumaliza tasnifu kwa wakati, alama za msimamizi kwenye mafunzo kwa vitendo, na wateja kupata nafuu. Mtu anaweza kuwa wa kwanza kwenye takwimu na tasnifu, na wateja wake wakaacha kuja baada ya kikao cha pili. Mwingine ana tasnifu ya kusuasua lakini wateja wake wanapona.

Uwajibikaji unatabiri vile viwili vya kwanza, si kwa nguvu kubwa lakini kwa uhakika: kusoma, kuwasilisha kazi, kutochelewesha ripoti. Kwa hicho cha nne, dodoso la kujieleza mwenyewe karibu halina la kusema. Kwa hiyo mkipanga 150 wenu kwa uwajibikaji mtapata wanafunzi wanaowasilisha kazi kwa wakati. Kama hilo ndilo mnalotafuta, sawa, ila msiliite kipaji cha tiba.

Cha tatu ndicho kinachotumika zaidi kwenye tafiti, nacho ndicho kibovu zaidi. Chukua fomu ya kawaida ya msimamizi: vipengele 20, kila kimoja 1 hadi 5. Angalia zilizojazwa na utaona 4, 4, 4, 5, 4. Karibu hakuna anayepewa 2, kwa sababu 2 maana yake ni barua, kikao, mpango wa kurekebisha, na lawama kwa msimamizi kwamba kwa nini hakusema mapema. Ukijaribu kutabiri namba ambayo haitofautiani, kipimo chochote kitaonekana hakifai, hata kikiwa kizuri.

---

BiTakwimu:

Nakazia aliyosema Kigezo, kisha niongeze historia, kwa sababu swali hili lilishawahi kujibiwa kwa gharama kubwa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Marekani ilihitaji wanasaikolojia tiba wengi wa kuwahudumia askari waliorudi. Veterans Administration (idara ya serikali ya askari wastaafu) ikaanzisha programu ya mafunzo mwaka 1946, na Chuo Kikuu cha Michigan kikapewa kazi ya kutafuta namna ya kuwachagua. Wanasaikolojia Kelly na Fiske ndio walioongoza, na ripoti yao ilitoka 1951. Walitumia kila silaha iliyokuwapo: vipimo vya akili, madodoso ya haiba, dodoso la mapendeleo ya kazi la Strong, madoa ya wino ya Rorschach, picha za kutungia hadithi, usaili, na hata mazoezi ya kuigiza mbele ya watathmini. Baada ya hapo wakawafuatilia wanafunzi hao kwenye mafunzo.

Matokeo yaliwanyong'onyeza wengi. Kipimo cha Miller cha ulinganisho wa maneno na dodoso la mapendeleo vilitabiri sawa na watathmini waliokaa na mtu siku kadhaa, na pengine kuwashinda. Watathmini waliosoma faili na vipimo vya karatasi peke yake hawakufanya vibaya kuliko walioongezewa usaili. Rorschach na wenzake walikuwa chini kabisa. Yaani taarifa ziliongezeka, watathmini wakazidi kujiamini, usahihi ukabaki pale pale.

Funzo ambalo huwa linarukwa: dodoso la mapendeleo (mtu anapenda kufanya nini) lilifanya vizuri kuliko madodoso ya haiba (mtu yukoje). Kamati nyingi leo zina hamu ya la pili na zimelisahau la kwanza.

---

Chipukizi88:

Vipi kuhusu MBTI, lile dodoso linalowapa watu aina za haiba kwa herufi nne? Kuna mahali nimeona wanasema aina ya INFJ ndio washauri wa kuzaliwa.

---

BiTakwimu:

Hapana, ndugu. MBTI inakata mstari katikati ya skeli ambayo watu wengi wamejazana katikati yake. Aliye hatua moja kushoto na aliye hatua moja kulia wanapewa herufi tofauti ingawa wanafanana, na wakirudia baada ya wiki chache wengi hubadilika herufi. Wachapishaji wake wenyewe wanasema isitumike kuchagua watu. Tuishie hapo.

---

Mizani_Sawa:

Tuweke namba. Barrick na Mount mwaka 1991 walijumlisha tafiti za kazi mbalimbali: uwajibikaji ulikuwa na uhusiano wa takriban 0.22 na utendaji, na kwa upande wa mafunzo uchangamfu na uwazi wa fikra nao vilijitokeza, karibu na 0.25. Mwaka 2009 Lievens na wenzake walichapisha utafiti wa wanafunzi wa udaktari Ubelgiji waliofuatiliwa miaka 7. Uhalali (nguvu ya kutabiri) wa vipimo vya haiba ULIPANDA kadiri miaka ilivyosonga. Mwaka wa kwanza ni vitabu na mitihani, haiba haina kazi kubwa. Wanafunzi walipofika kwa wagonjwa, uwajibikaji, uchangamfu na uwazi wa fikra vikaanza kuhesabika. Kwa hiyo anayepima matokeo ya mwaka wa kwanza peke yake anakidhulumu kipimo.

Pili, r ndogo (r ndiyo hiyo namba ya uhusiano, 0 ni hakuna, 1 ni kamili) haina maana kwamba hakuna kitu. Wanafunzi mnaowaona wameshachujwa, tofauti zao zimebanwa. Mfano: mmepata r ya 0.20 kwa waliodahiliwa. Uthabiti wa alama za msimamizi ukilinganisha wasimamizi wawili ni karibu 0.52, kwa hiyo gawa 0.20 kwa kipeuo cha pili cha 0.52 (yaani 0.72), unapata 0.28. Kisha sahihisha kubanwa kwa wigo: kama mchepuko wastani (jinsi alama zinavyotawanyika) wa waombaji wote ni mara 1.5 ya ule wa waliodahiliwa, inapanda hadi karibu 0.40. Hiyo si namba ya kupuuza.

---

Kigezo:

> kama mchepuko wastani wa waombaji wote ni mara 1.5

Hapa ndipo unapopotoka, mkuu. 1.5 ni namba ya kitu kilichotumika kuchuja, kwa mfano alama za shahada ya kwanza. Haiba haikutumika kuwachuja hao waliodahiliwa, kwa hiyo wigo wake haujabanwa sana, 1.1 ni karibu zaidi na hali halisi. Piga tena hesabu: r ya 0.20 kwa uwiano wa 1.1 inakuwa 0.22. Imepanda kwa 0.02 tu. Ukiongeza na lile sahihisho la msimamizi unafika 0.30.

Kwa hiyo data hiyo hiyo inatoa 0.20, 0.22, 0.30 au 0.40 kutegemea aliyeshika kikokotoo. Kanuni yangu: uwiano wa michepuko upimwe kwa waombaji wenu wenyewe, usiazimwe kwenye makala ya mtu. Na msisahihishe kasoro ya dodoso lenyewe, maana siku ya uamuzi mtatumia dodoso hilo hilo na kasoro zake.

---

Mizani_Sawa:

Nakubali kwenye 1.1. Ila bado 0.20 au 0.22 iliyopatikana kwa dakika 40 za mwombaji kukaa kwenye kompyuta ni bei nafuu.

---

Nahodha wa Skeli:

Nafuu ndiyo, kama hajipambi. Tuje kwenye kujipamba, maana waombaji hawa si waombaji wa kawaida.

Sentensi kama "Hukamilisha kazi kabla ya muda" haihitaji digrii kujua jibu linalotakiwa. Kwenye kazi za kawaida waombaji hupandisha alama za uwajibikaji na utulivu wa hisia kwa karibu nusu ya mchepuko wastani ukilinganisha na watu wasioomba kazi. Sasa hawa wenu wamesomea saikometria. Wanajua skeli ya L ya MMPI-2 inakamata nini (wanaojifanya wema kupita kiasi), wanajua K ni ya nini (kujilinda), wengine wameandikia mtihani mada hiyo.

Na wote wangepandisha sawa kusingekuwa na shida, mpangilio usingebadilika. Tatizo ni kwamba hawapandishi sawa. Mkichukua 12 kati ya 150, yaani asilimia 8 ya juu, mko kwenye ncha ya mkia, na kwenye ncha ndiko waliojipamba wanakojazana. Wastani wa kundi zima unaweza kuonekana mzuri tu huku kileleni pamejaa wasanii.

Dawa ambazo hazifanyi kazi: kuondoa alama kwa kutumia skeli ya kujipendekeza. Imejaribiwa mara nyingi, uhalali haupandi, na mnawaadhibu watu ambao kweli ni waungwana. Dawa zinazosaidia kidogo: maswali ya kuchagua kati ya kauli mbili zinazopendeza sawa ("natimiza ahadi" dhidi ya "natuliza watu waliokasirika"). Dawa inayosaidia zaidi: dodoso hilo hilo lijazwe na mtu aliyefanya kazi na mwombaji. Haiba inayoelezwa na wengine hutabiri utendaji vizuri kuliko ya kujieleza. Ila wawe watatu, na mwombaji asiwe yeye anayekusanya fomu.

---

Daktari wa Karatasi:

Nashangaa hakuna aliyegusa ile kanuni ya T 65, nayo ndiyo hatari kuliko zote.

T 65 kwenye MMPI-2 ni mahali ambapo takriban asilimia 8 ya watu wa kawaida wanapita. Kwa skeli moja. Pendekezo linasema skeli "yoyote". Skeli nane za kitabibu zinatumia T za aina hiyo. Zingekuwa hazihusiani kabisa, nafasi ya mtu mzima wa afya kuvuka angalau moja ni 1 kutoa 0.92 kwa kipeo cha 8, karibu asilimia 49. Kwa kuwa zinahusiana itakuwa pungufu ya hapo, lakini bado mnakata umati wa watu wasio na tatizo lolote.

Halafu tuchukue kundi kubwa zaidi ili hesabu ionekane. Wanafunzi 200, tuseme 10 kati yao watapata matatizo makubwa ya kikazi. Tuwe wakarimu, kipimo kikamate asilimia 70 ya hao na kiwaache salama asilimia 80 ya wengine. Kinakamata 7 kati ya 10. Kwenye wale 190 kinawasingizia 38. Umewakata watu 45 ili kuwaondoa 7, na watatu wenye tatizo wamepita. Tatizo likiwa adimu, kipimo cha kawaida kinakuwa mtambo wa kusingizia.

Tena angalia anayekatwa ni nani. Mwombaji anayejilinda anapandisha K na kushusha skeli za kitabibu. Anayejibu kweli, kwamba amewahi kukosa usingizi na kulia mwaka mgumu, ndiye anayevuka 65. Mmejenga chujio la kuwaondoa wakweli, kwenye taaluma inayotaka mtu aweze kuutaja udhaifu wake mbele ya msimamizi.

Na sheria: mwaka 2005 mahakama ya rufaa ya shirikisho Marekani, kwenye kesi ya Karraker dhidi ya Rent-A-Center, iliamua kwamba MMPI ni uchunguzi wa kitabibu chini ya sheria ya watu wenye ulemavu, hata kama mwajiri alisema anapima haiba tu. Hiyo ilikuwa ajira na ni nchi moja, lakini mwanasheria wa chuo chochote ataitaka aione kabla ya kusaini pendekezo hili.

---

BiTakwimu:

Niongezee hapo kwa Daktari. Tafiti za Nissen-Lie na wenzake Norway ziliona kwamba waganga wa nafsi wenye kujihoji kuhusu kazi yao ("je, ninamsaidia huyu kweli?") ndio walioelekea kuwa na matokeo mazuri kwa wateja, hasa wakiwa pia hawajichukii kama watu. Tazama sasa sentensi kama "Nina uhakika na uamuzi wangu". Kwenye dodoso kukubali kunakupa alama ya utulivu. Kwenye chumba cha tiba hiyo inaweza kuwa ndiyo dalili mbaya. Skeli pana zinachanganya vitu vya namna hii, ndiyo maana ukitumia haiba angalia vijisifa vidogo vidogo, usijumlishe tu. Hata ndani ya uwajibikaji, bidii na kutimiza wajibu si kitu kimoja na utaratibu wa kupanga kalamu mezani.

---

Mzani:

Wakuu, mmelibomoa. Sasa jengeni. Nafasi 12, waombaji 150, watathmini 8, siku 2. Nini kiwekwe badala yake?

---

Kigezo:

Weka sampuli ya kazi yenyewe. Kuna zoezi la Anderson na wenzake, lilichapishwa 2009, la kupima ustadi wa mahusiano: mtu anaoneshwa video fupi za wateja wagumu (mkali anayemshambulia mganga, aliyejifungia asiyesema, anayemtegemea mganga kwa kila kitu), video inasimama, anajibu hapo hapo kama vile mteja yuko mbele yake, na jibu linarekodiwa. Wasahihishaji wanatoa 1 hadi 5 kwenye vipengele 8: ufasaha, kutia matumaini, kushawishi, kuonesha hisia, ukarimu, huruma ya kuelewa, kujenga uhusiano, na kurekebisha uhusiano ulioingia ufa. Alama hizo zimehusishwa na nafuu ya wateja, na baadaye hata kwa wanafunzi waliopimwa mwanzoni mwa mafunzo. Hakuna dodoso la haiba ninalolijua lenye rekodi hiyo kwa kigezo cha nne.

Namna ya kulifanya na mahali linapoharibika: tengenezeni video zenu 6 hadi 8 kwa waigizaji, kila moja isizidi dakika 2. Mteja amtazame kamera, la sivyo mwombaji anajibu kama mtazamaji wa filamu. Wasahihishaji wawili kwa kila rekodi, wasijue jina, chuo wala alama za mtu. Kabla ya kuanza wasahihishe rekodi 15 za mazoezi na mpime kukubaliana kwao. Chini ya 0.70 msiendelee, rudini kwenye maelezo ya kila alama. Kosa la kawaida ni msahihishaji kuvutiwa na ufasaha kisha kumpa 4 kila mahali. Ili kulizuia, sahihisheni kipengele kimoja kwa waombaji wote, ndipo mwende kingine.

---

Nahodha wa Skeli:

Kwa siku ya pili, usaili wa vituo kama ule ulioanzia McMaster, Kanada, 2004. Vituo 8, dakika 8 kila kimoja na 2 za kuhama: mzunguko mmoja ni dakika 80, watu 8 kwa mpigo. Wote 150 hawaingii hapo. Chujeni hadi 40 kwa alama za masomo na zoezi la video, mnabaki na mizunguko 5, siku moja inatosha japo mtachoka. Weka msahili mmoja kwa kituo. Wasahili wawili kwenye vituo 4 ni hasara, kwa sababu alama hutofautiana zaidi kutoka kituo hadi kituo kuliko kutoka msahili hadi msahili.

Mwishoni msikae mezani "kujadili picha nzima". Kila alama igeuzwe kuwa z (umbali wa mtu kutoka wastani, kwa michepuko), ipewe uzito uliokubaliwa na kuandikwa kabla ya kumwona mwombaji yeyote, ijumlishwe. Mwanasaikolojia Meehl alishaonesha 1954 kwamba fomula inalingana na au inashinda uamuzi wa mtaalamu aliyekusanya kila kitu kichwani. Uzito wa kuanzia: vituo 35, video 35, masomo 20, uwajibikaji unaoelezwa na waliofanya kazi na mwombaji 10. Mizani_Sawa atalalamika hiyo 10 ni ndogo.

---

Mizani_Sawa:

Ningesema 15, lakini sipigani. Naona wenzangu mmeshabadili "haiba haifai" kuwa "haiba 10", kwa hiyo nimeshinda kidogo.

---

Mzani:

Swali la mwisho. Tukikusanya data zetu, baada ya muda gani tutajua kama uzito huo ni sahihi?

---

BiTakwimu:

Kwa uhusiano wa 0.20, ili uwe na nafasi ya asilimia 80 ya kuuona kwa kiwango cha 0.05 (hatari ya asilimia 5 ya kuona uhusiano ambao haupo), unahitaji watu 194. Kwa 12 kila mwaka ni zaidi ya miaka 16. Mkichungulia mapema mkiwa na 30 na kukuta r ya 0.20, ukweli unaweza kuwa popote kati ya -0.17 na 0.52. Ndiyo maana ripoti za "tumethibitisha dodoso letu" kutoka programu moja huwa ni kelele tupu. Tafuteni programu nyingine 5 au 6, mkubaliane dodoso moja, fomu moja ya msimamizi na kipimo kimoja cha nafuu ya mteja kinachojazwa kila kikao, mkusanye pamoja.

Katika kipindi hicho alama za haiba mnazokusanya kwa utafiti zisitumike kudahili, na msimamizi asizione kamwe. Msimamizi akijua Fulani ana T 68 ya wasiwasi, atauona wasiwasi huo kwenye kila kikao na kuuandika kwenye fomu, halafu miaka mitatu baadaye mtasherehekea kwamba kipimo kilitabiri. Faili ikae kwa mtu asiyefundisha wala kusimamia, kila mwanafunzi awe na namba badala ya jina, na ifunguliwe baada ya fomu za mwisho za kundi hilo kukabidhiwa.